Mtambo wa majitaka ukinasa asilimia 98 ya mikroplastiki, hiyo plastiki inakwenda wapi?

ChujioKuu (mleta mada)

Wakuu salaam,

Kwenye uzi uliopita tuligawanyika. Wapo waliosema mitambo ya kusafisha majitaka haifui dafu mbele ya mikroplastiki, kila kitu kinapita hadi mtoni. Wengine wakaleta takwimu kwamba mitambo hiyo hunasa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo tulale usingizi. Majitaka ndiyo yanayonilisha, msicheke, na naona pande zote mbili zimeruka swali lenyewe. Nitaandika kwa urefu. Mwenye haraka apite kimya kimya.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Mikroplastiki ni kipande cha plastiki kisichozidi milimita 5. Jina lenyewe lilishika baada ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake kuchapisha makala fupi mwaka 2004 kuhusu plastiki iliyopotelea baharini. Kutoka milimita 5 hadi mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) kuna tofauti ya mara 5,000, kwa hiyo jina hilohilo linabeba kitu unachoweza kukiokota kwa vidole na kitu kidogo kuliko seli nyekundu ya damu. Ubishi mwingi wa humu unatokana na hapo: mmoja anaongelea punje, mwenzake anaongelea vumbi.

Zinafikaje kwenye majitaka? Njia kubwa ni nguo. Mwaka 2016 Imogen Napper na huyohuyo Thompson walifua nguo kwenye mashine na kuhesabu. Mzigo wa kilo 6 za akriliki ulikadiriwa kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 kwa mfuo mmoja. Poliesta haikuwa mbali sana. Halafu kuna vitambaa vya kufutia vya kutupa, ambavyo vingi vina plastiki ndani na watu huvitupa chooni, kuna rangi inayobanduka, na mahali ambapo mifereji ya mvua imeunganishwa na bomba la majitaka kuna vumbi la matairi. Ripoti ya 2017 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilikadiria kwamba nguo za sintetiki na matairi kwa pamoja vinachangia karibu theluthi mbili ya plastiki inayoingia baharini ikiwa tayari imeshasagika.

Sasa tuingie mtamboni. Maji yakifika hukutana na nondo za kuzuia takataka kubwa: matambara, vijiti, vifungashio. Mikroplastiki hupita hapo bila hata kubisha hodi. Hufuata birika la kutega mchanga, kisha bwawa la kwanza la kutuliza maji, ambako maji hutembea polepole kwa saa chache ili kizito kizame na chepesi kielee. Hapa plastiki nyingi sana huachana na maji. Polietilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na mafuta na kukwanguliwa juu. Poliesta ni nzito kuliko maji kwa takriban asilimia 38, kwa hiyo huzama na uchafu mwingine. Hiyo ni hesabu ya kitabuni. Uzi mwembamba ukishavikwa utelezi wa bakteria, au ukinata kwenye bonge la mafuta, unakwenda unakokwenda mzigo ulioubeba.

Linafuata bwawa la hewa. Mbinu hii ilitangazwa na Edward Ardern na William Lockett huko Manchester mwaka 1914, na hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa mitambo mingi duniani. Unapuliza hewa, bakteria wanakula uchafu ulioyeyuka, wanazaliana, wanashikamana kuwa mabonge laini. Mabonge hayo yakizama kwenye bwawa la pili la kutuliza, huzama na nyuzi zilizonasa ndani yake. Bakteria hawajazila. Wamezibeba tu.

Matokeo? Mwaka huohuo wa 2016 ulichapishwa utafiti wa mtambo mmoja mkubwa wa Glasgow, Scotland, unaohudumia watu 650,000. Maji yalipoingia yalikuwa na chembe 15.7 kwa lita, yalipotoka yalikuwa na 0.25. Ni punguzo la asilimia 98.4, takwimu ambayo mkandarasi yeyote angeitundika getini. Ila zidisha hiyo robo ya chembe kwa lita zote zinazotoka kwa siku: watafiti wenyewe walipata chembe milioni 65 kila siku zikiingia mto Clyde.

Na hizo ni zilizotoroka. Zilizonaswa hazijayeyuka, ziko kwenye mafuta yaliyokwanguliwa na kwenye tope. Hoja yangu ni hiyo tu: mtambo wa majitaka hautibu plastiki, unaitoa kwenye maji na kuiweka kwenye tope. Anayenitajia asilimia iliyonaswa, nitamuuliza tope lake analipeleka wapi. Karibuni.

---

Mpitanjia77

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu, hao bakteria wanaokula plastiki tunaowasikia kila mwaka kwenye habari wako wapi? Si wawekwe kwenye hilo bwawa la hewa tumalizane?

---

ChujioKuu

@Mpitanjia77 unamsema Ideonella sakaiensis. Aligunduliwa na Wajapani, makala ikatoka 2016. Kweli anakula PET, ile plastiki ya chupa na nguo za poliesta. Lakini kwenye maabara alimaliza utando mwembamba wa PET laini kwa takriban wiki 6, kwenye nyuzijoto 30. Maji kwenye bwawa la hewa hukaa saa kadhaa tu. Tope lenyewe hukaa siku au wiki chache, na ndani yake bakteria ana vyakula vitamu vya kila aina, hana sababu ya kuanza kutafuna nyuzi ngumu za shati. Vimeng'enya vyake vina kazi nzuri viwandani kwenye kurejeleza chupa. Kwenye majitaka, hapana.

---

BintiMaabara

Asante mleta mada, ila hiyo 98 unaipa heshima kuliko inavyostahili. Mimi niko upande wa kuhesabu, ngoja niwaonyeshe jikoni.

Ukichukua sampuli ya majitaka huwezi kuiweka tu chini ya hadubini, itakuwa supu ya uchafu. Unaanza kuunguza uchafu wa asili kwa haidrojeni peroksidi, mara nyingi ukichanganya na chuma kidogo ili iende haraka. Halafu unatenganisha kwa maji ya chumvi nzito, kama zinki kloridi, plastiki ielee na mchanga uzame. Ukitumia chumvi ya kawaida, PVC (plastiki ya mabomba) na poliesta zinazama na mchanga, na wewe unaandika kwamba hazikuwepo. Kisha unachuja, na unatambua kipande kimoja kimoja kwa miale ya infraredi au kwa leza ya Raman. Infraredi ikishuka hadi kwenye mikromita 10 au 20 inaanza kuchoka. Raman inafika karibu na mikromita 1, ila inachukua muda wa kukutoa machozi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu yeyote anayeleta asilimia ni: umechuja kwa tundu la ukubwa gani? Glasgow walitumia chekeche ya mikromita 65. Kila chembamba kuliko hapo hakikuhesabiwa, si kwenye maji yaliyoingia wala yaliyotoka. Wafini, yaani watafiti wa Finland, kwenye utafiti wao wa 2017 kuhusu hatua za mwisho za usafishaji, walishuka hadi mikromita 20. Ukilinganisha mitambo hiyo miwili kwa asilimia tu, umelinganisha vichujio vya watafiti, hujalinganisha mitambo.

Swali la pili: umehesabu vipande au umepima uzito? Kipande cha mchemraba chenye upande wa milimita 1 kikisagika chote kuwa michemraba ya mikromita 1, unapata vipande bilioni moja. Uzito uleule. Pampu na vipulizia hewa vinasaga. Mtambo unaweza kuondoa robo tatu ya uzito wa plastiki na bado ukapata vipande vingi mwishoni kuliko mwanzoni, ukitazama saizi ndogo.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, tunavaa makoti ya pamba, na kila siku tunapitisha maji safi kwenye hatua zilezile kuona sisi wenyewe tumeongeza nyuzi ngapi. Utafiti usiotaja hiyo sampuli tupu mimi siendelei kuusoma.

---

MbishiNambaMoja

Haya yote ni povu. Watu wanakufa kwa kuhara kwa sababu ya majitaka mabichi, nyinyi mnahesabu nyuzi za sweta. Nionyesheni mtu mmoja aliyekufa kwa mikroplastiki.

---

ChujioKuu

@MbishiNambaMoja umesema kwa ukali lakini nusu ya hoja yako naikubali, nitairudia hapo chini. Kuhusu madhara tusidanganyane. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019 kuhusu maji ya kunywa, likasema vipande vikubwa kuliko mikromita 150 kuna uwezekano mkubwa vinapita tumboni na kutoka, na kwamba ushahidi uliokuwepo wakati huo haukutosha kutangaza hatari kwa afya. Likasema pia vimelea vya majitaka ndiyo tishio kubwa zaidi. Hapo uko sawa.

Lakini mwaka 2024 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mishipa ya shingo. Kati ya 257 waliofuatiliwa, 150 walikuwa na polietilini ndani ya ule utando wa mafuta uliotolewa kwenye mishipa. Waliokuwa na plastiki walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kubwa mara 4.5 kuliko wasiokuwa nayo, katika kipindi cha miezi kama 34. Huo ni uhusiano, si uthibitisho kwamba plastiki ndiyo iliyoua. Huenda wenye plastiki nyingi wanaishi tofauti na wenzao. Ila si povu.

---

BintiMaabara

Na kwa upande wa viumbe wa majini kuna kesi iliyofungwa kabisa. Kwenye mito ya eneo la Seattle samaki aina ya salmoni koho walikuwa wanakufa kila mvua kubwa ikinyesha, kabla hata ya kutaga. Mwishoni mwa 2020 watafiti walimpata muuaji: kemikali inayoitwa 6PPD-kwinoni, inayotokana na dawa inayowekwa kwenye tairi ili mpira usipasuke, ikikutana na ozoni ya hewani. Nyuzi wala punje hazikuhusika, muuaji ni kitu kilichochuja kutoka kwenye vumbi la tairi. Kwa hiyo @MbishiNambaMoja, "plastiki" siyo sumu moja. Kila aina uipime kivyake.

---

MbishiNambaMoja

Sawa dada, hiyo ya samaki nimeichukua. Ya sweta bado.

---

ShambaDarasa

Mimi nimeshtushwa na habari ya tope. Sehemu nyingi tope likikaushwa linapelekwa mashambani kama mbolea. Ina maana tunalima plastiki?

---

ChujioKuu

@ShambaDarasa nilikuwa nasubiri mtu aulize. Ndiyo. Mwaka 2016 Luca Nizzetto na wenzake walikadiria kwamba tope linapeleka kati ya tani 63,000 na 430,000 za mikroplastiki kwenye mashamba ya Ulaya kila mwaka. Ni makadirio, ndiyo maana mwanya ni mpana hivyo. Ila hata ukishika ile namba ya chini, plastiki inayokwenda shambani si mabaki ya kupuuza.

Na ikishafika shambani hairudi. Kwenye mto mafuriko huisukuma, kwenye udongo inalimwa ndani, minyoo wanaishusha chini, mwaka unaofuata inaongezwa nyingine. Inajilimbikiza kama deni lisilolipwa.

---

ShambaDarasa

Sasa subiri mkuu, usije ukatuachia mkulima akiwa mikono mitupu. Tope lina naitrojeni, lina fosforasi, lina mboji ambayo mbolea ya chumvichumvi haina. Fosforasi inachimbwa kwenye miamba na miamba hiyo iko kwenye nchi chache. Ukipiga marufuku tope unasema mkulima akanunue. Ukilichoma, naitrojeni yote inapotea hewani. Mimi nikipewa kuchagua kati ya udongo uliochoka na udongo wenye nyuzi kidogo, leo hii nitachagua wenye nyuzi.

---

KandaYaKaboni

Naomba nimjibu ndugu ShambaDarasa. Uswisi ilishafunga mlango, tope haliendi mashambani tangu miaka ya 2000. Linachomwa. Ujerumani walikwenda katikati: kanuni yao ya 2017 inataka mitambo mikubwa, ya ukubwa wa zaidi ya watu 100,000, irudishe fosforasi kutoka kwenye tope au kwenye majivu yake kuanzia 2029, na ya zaidi ya 50,000 kuanzia 2032. Kwa hiyo unachoma, plastiki inaisha kweli maana juu ya nyuzijoto 800 hakuna poliesta inayobaki, halafu fosforasi unaitoa kwenye majivu. Mkulima anapata chake.

Marekani nako jimbo la Maine lilipiga marufuku kutandaza tope mashambani mwaka 2022. Sababu haikuwa mikroplastiki, ilikuwa PFAS, zile kemikali zisizooza. Lakini njia ilikuwa ileile: tope limekusanya kila tulichokinasa.

---

ShambaDarasa

Tanuri la nyuzijoto 800 si kitu cha kila mji, ndugu yangu. Unamwambia mtu asiye na hata bwawa la kutulizia maji ajenge tanuri.

---

KandaYaKaboni

Sijasema kila mji. Nimesema kwamba njia ipo.

---

Mfereji

Wakuu mnaongea kana kwamba maji yote yanafika mtamboni. Mvua kubwa ikinyesha kwenye miji yenye bomba moja la mvua na majitaka, mtambo unazidiwa, milango ya dharura inafunguliwa, na mchanganyiko wote unamwagwa mtoni bila kupita hata bwawa moja. Sasa hiyo 98 ni ya siku ya jua.

Angalieni walichokipata Manchester. Mwaka 2018 watafiti walichapisha vipimo vya sakafu za mito ya eneo hilo. Sehemu moja ya mto Tame ilikuwa na chembe zaidi ya 500,000 kwa mita moja ya mraba. Baada ya mafuriko ya majira ya baridi ya 2015 hadi 2016 walipima tena, wakakuta karibu asilimia 70 ya mzigo uliokuwa kwenye mito hiyo umefagiliwa kuelekea baharini. Walipoendelea kuchunguza, mwaka 2021 wakasema wazi kwamba plastiki inayorundikana kwenye sakafu ya mto inatokana hasa na kumwaga majitaka ambayo hayajasafishwa, na kwamba inarundikana hata nyakati za ukame, wakati mto hauna nguvu ya kuitawanya.

Kwa hiyo mjadala wa kuongeza vichujio vya kisasa mwishoni mwa mtambo, wakati huohuo mlango wa pembeni uko wazi, naona ni kufunga dirisha na kuacha mlango.

---

ChujioKuu

@Mfereji hapa umenigusa, na ndipo nilipotaka kumrudia @MbishiNambaMoja. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2022 zinasema asilimia 42 ya majitaka ya majumbani duniani hayakusafishwa ipasavyo kabla ya kumwagwa. Nyuzi za nguo zinazopita humo zinakwenda moja kwa moja.

Sasa piga hesabu ya mtu wa kawaida. Mji wenye hatua mbili za kawaida, yaani kutuliza na bwawa la hewa, tayari unanasa, tuseme, 95 kati ya kila chembe 100 zinazoweza kuhesabiwa. Ukiuongezea mashine ya utando, ule wenye matundu yasiyofika nusu mikromita, utafika 99.9, kama Wafini walivyopima 2017. Umepata karibu chembe tano za ziada. Chukua nguvu hizohizo upeleke kwenye mji usio na kitu, ujenge mabwawa ya kawaida ya majitaka, yale makubwa ya wazi ambako maji hukaa siku nyingi na kutulia yenyewe. Utanasa sehemu kubwa ya 100 zilizokuwa zinapita zote. Na utazuia kuhara. Mbishi na mimi tunaishia kwenye bwawa lilelile, kila mtu na sababu zake.

Sisemi mashine ya utando ni mbaya. Mahali ambapo maji yanarudishwa yatumike tena, iwekeni. Ninachopinga ni kuiuza kama dawa ya mikroplastiki kwa mji ambao nusu ya nyumba zake hazijaunganishwa na bomba.

---

Mpitanjia77

Lakini Ulaya wameshapitisha sheria ya hatua ya nne ya kusafisha majitaka ili kuondoa mikroplastiki. Si wao wameona mbali?

---

KandaYaKaboni

Hapana, hiyo imesambaa vibaya. Sheria unayoisema ni ya mwishoni mwa 2024, imeanza kutumika Januari 2025. Hatua ya nne ipo kweli, mitambo ya ukubwa wa watu 150,000 na zaidi iwe nayo yote ifikapo 2045, lakini inalenga vitu vilivyoyeyuka: mabaki ya dawa za hospitalini na majumbani, na vipodozi. Vifaa vyake ni ozoni na mkaa maalumu. Ozoni inavunja molekuli ya dawa. Uzi wa poliesta inauchubua tu. Mikroplastiki kwenye sheria hiyo ipo upande wa kupima na kufuatilia, kwenye maji na kwenye tope.

Kipengele cha kuvutia ni cha fedha. Watengenezaji wa dawa na vipodozi wanatakiwa kubeba angalau asilimia 80 ya gharama za hiyo hatua ya nne. Viwanda vya nguo na matairi havimo.

---

BintiMaabara

Hapo penye "havimo" ndipo pa kuandika uzi mwingine.

---

FuaUanike

Mimi swali la nyumbani. Kuna vichujio vya kufunga kwenye mashine ya kufulia. Vinasaidia, au ni biashara?

---

ChujioKuu

Vinasaidia, mahali pake. Ufaransa kwenye sheria yake ya 2020 waliandika kwamba mashine mpya za kufulia ziwe na kichujio cha nyuzi kuanzia Januari 2025. California bunge lilipitisha sheria kama hiyo, gavana Newsom akaikataa mwaka 2023, hoja yake ikiwa gharama kwa mnunuzi.

Faida yake naipenda kuliko utando wa mtamboni kwa sababu moja: nyuzi zinanaswa kabla hazijachanganyika na kinyesi, kwa hiyo haziingii kwenye tope. Lakini kuna kosa ambalo watu wengi hufanya. Kichujio kikijaa wanakisuuza kwenye sinki. Hapo umezikusanya nyuzi za wiki nzima na kuzipeleka bombani kwa mkupuo. Kikwangue kikiwa kikavu, tupa kwenye taka.

Anayefua kwa mikono asijione yuko nje. Nyuzi zinatoka pia, ingawa utafiti wa China wa 2023 ulionyesha ni chache sana kuliko za mashine. Na nguo mpya hutoa nyingi kuliko iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa, kwa hiyo kuvaa nguo muda mrefu nako ni kuchuja.

---

Mpitanjia77

Na maji ya kunywa? Kuchemsha kunaondoa?

---

BintiMaabara

Nje ya mada kidogo ila nitajibu haraka. Kuchemsha hakuui plastiki. Ila maji yenye chokaa nyingi yakichemka, chokaa inaganda na kuzifunga chembe ndani yake, zinabaki chini ya birika. Utafiti wa 2024 kutoka Guangzhou ulipata punguzo la hadi asilimia 90 kwa maji magumu sana, na karibu robo tu kwa maji laini. Yaache yatulie, umimine kwa chujio. Turudi kwenye majitaka.

---

Mfereji

Kabla hatujarudi, kichekesho cha kusikitisha. Februari 2018 mtambo mmoja wa majitaka kusini mwa Italia, karibu na Paestum, uliharibika na kumwaga baharini visahani vidogo vya plastiki zaidi ya milioni 100. Visahani hivyo ndivyo vinavyotumika ndani ya mabwawa ya hewa ili bakteria wapate mahali pa kujishika. Vilisambaa kwenye fukwe za Italia nzima ya magharibi. Kwa hiyo mtambo nao ukawa chanzo.

---

ChujioKuu

Ndiyo maana kila mwenye visahani hivyo anatakiwa awe na wavu mzima kwenye mlango wa kutokea, na akague kabla ya msimu wa mvua, siyo baada.

---

FundiMota

Mkuu ChujioKuu, shikamoo. Nimesoma tangu mwanzo. Mimi nahudumia mtambo mdogo wa hatua mbili, bajeti ya vichujio vipya haipo wala haitakuja karibuni. Nifanye nini kesho asubuhi?

---

ChujioKuu

Marahaba kijana. Mambo yafuatayo hayataki fedha mpya.

Mafuta yanayoelea yakwanguliwe kila siku. Ile tabaka ya juu ndiyo ghala la plastiki nyepesi, na huko Glasgow mafuta ndiyo yaliyokutwa na chembe nyingi kuliko tope. Ukiyaacha yakavuka ukingo, umeirudisha plastiki kwenye maji. Na ukishayakwangua yasirudishwe mwanzoni mwa mtambo kama wengi wanavyofanya. Yaende kuchomwa au kufukiwa panaporuhusiwa.

Bwawa la pili la kutuliza angalia kimo cha tope. Tope likipanda na kuanza kutoka na maji, nyuzi zote ulizozinasa zinatoka nalo. Mara nyingi tatizo ni kuchelewa kulitoa, au pampu ya kulirudisha kwenye bwawa la hewa kufanya kazi kwa kusuasua. Hapo wewe fundi wa mota ndiye unayejua kuliko mimi.

Halafu maji yanayokamuliwa kwenye tope. Yana nyuzi, na kwa kawaida yanarudi mwanzo wa mtambo. Yarudi taratibu, usiku au wakati maji yanayoingia ni machache, yasije kwa kishindo yakavuruga utulivu wa mabwawa.

Kipimo? Huna haja ya leza. Fuatilia uchafu usioyeyuka uliomo kwenye maji yanayotoka, kile kipimo cha kuchuja, kukausha na kupima mizani ambacho bila shaka unakifanya tayari. Nyuzi husafiri na mabonge, kwa hiyo mabonge yakipungua kwenye maji yanayotoka, nyuzi nazo zinapungua. Haitakupa idadi ya chembe, itakuambia siku mtambo ulipovuja.

---

FundiMota

Kipimo hicho tunakifanya mara moja kwa wiki, siku ya kawaida. Siku ya mvua hatuchukui.

---

Mfereji

Anzeni kuchukua ya siku ya mvua.

---

BintiMaabara

Na siku mtakapotaka kutuma sampuli maabara ihesabiwe chembe, chukueni kwa chombo cha kioo au chuma, kisuuzwe mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kifuniko chake kiwe cha chuma au kifunikwe kwa karatasi ya alumini. Lita moja haitoshi kwa maji yanayotoka. Ikiwa kuna robo ya chembe kwa lita, utaletewa sifuri na utashangilia bure. Chujeni lita mia au zaidi palepale kwenye chekeche ya chuma, mlete chekeche.